Mjumbe Hauawi

Ruta nyingi za bei ya kawaida, zile zinazotundikwa kwenye msumari juu ya meza ya karani, zimebeba ndani yake programu ambayo mwenye ruta hajawahi kuisikia. Haina kitufe, haina taa, haina ukurasa katika mipangilio. Kwenye ruta zenye chipu za Broadcom huitwa eapd. Simu inapojiunga na waifai, draiva ya redio, yaani programu inayoiendesha, hutoa tukio: fulani amefika. Eapd hulidaka tukio hilo na kulifikisha kwa programu nyingine, nas, ambayo ndiyo yenye mamlaka ya kuhakiki nywila na kufungua njia. Simu ikiondoka, tukio jingine. Ikikataliwa, jingine. Kutwa kucha tarishi anakwenda na kurudi, na yeye mwenyewe haamui lolote.

Linaloshindaniwa hapa ni hili: mpeleka habari wa namna hiyo anahitajika kweli, na kama anahitajika, aaminiwe kwa kiasi gani? Ni ubishi wa wahandisi, lakini nimeuhamishia Kiruruma, kata ya Karagwe yenye kahawa na migomba, kwa sababu huko ndiko unakobana. Mjini ruta ikigoma utanunua nyingine kabla ya saa sita. Kiruruma ruta moja ni ya ofisi, ya majirani wa ofisi na ya kila mwenye undugu na karani, na fundi anasubiriwa kutoka mjini Kayanga.

Wazungumzaji ni watano na wote ni wa kubuni. Katibu wa chama cha msingi cha kahawa. Fundi wa mitandao. Mwalimu wa sekondari anayefundisha kompyuta pamoja na hesabu, kwa kuwa hakuna mwingine. Binti anayesoma chuo Kampala, yuko nyumbani likizo. Na Mama Wakala, mwenye kibanda cha miamala ya simu ukutani kabisa mwa ofisi ya chama, ambaye waifai ya chama anaitumia kwa makubaliano ya mdomo tu.

KATIBU: Mimi nianze na kilichonileta. Msimu umefunguliwa, wakulima wamejipanga, tunapima, tunaandika kwenye simu. Katikati ya foleni simu zikaanza kugoma. Waifai inaonekana, alama zote zimejaa, ukigusa inasema inathibitisha, inathibitisha, kisha inakwambia nywila si sahihi. Nywila ni ileile tangu ruta ilipofungwa! Nikaibadilisha. Ikagoma. Nikabadilisha tena. Wazee wamekaa juu ya magunia wananitazama kana kwamba nimekula kahawa yao. Kijana huyu akaja, hakugusa nywila, akasema tarishi amekufa. Nikamuuliza, tarishi gani? Mimi nilinunua ruta, sikuajiri mtu.

FUNDI: Shikamoo tena mzee, na unisamehe kwa lugha ile. Kujiunga na waifai kuna hatua mbili, ila simu hazikuonyeshi mpaka wake. Hatua ya kwanza ni ya redio tu: simu inaomba kujiunga, ruta inakubali. Hapo siri yoyote haijaguswa. Ya pili ndiyo ya nywila, na ina jumbe nne. Ruta inatuma namba iliyochaguliwa bila mpangilio. Simu inajibu na namba yake pamoja na muhuri unaoonyesha kwamba nywila inaijua. Ruta inarudisha muhuri wake na ufunguo wa pamoja. Simu inakiri. Nywila yenyewe haipiti hewani hata mara moja. Sasa, hatua ya kwanza hufanywa na draiva, karibu kabisa na chipu. Ya pili hufanywa na nas. Katikati yao yuko eapd. Akifa, draiva inaendelea kupokea simu, lakini nas hana habari kwamba kuna mtu mlangoni, kwa hiyo ule ujumbe wa kwanza hautoki. Simu inangoja, inachoka, na kwa kuwa sababu haiijui, inamsingizia mwenye nywila.

KATIBU: Kwa hiyo nilibadilisha nywila bure.

FUNDI: Bure kabisa. Nilimwua eapd aliyeganda, nikamwasha upya, foleni ikasogea.

KATIBU: Nasi tumekua tukiambiwa mjumbe hauawi.

FUNDI: Ndani ya ruta huuawa kila wiki, mzee. Tena ukizima umeme na kuwasha, unawaua wote kwa mpigo. Ndiyo maana dawa ya kila ruta ni kuchomoa waya.

MWALIMU: Basi mimi naona hoja ya upande wangu imejitetea yenyewe. Kuna draiva inayojua nani amefika, kuna nas anayejua nani aruhusiwe. Ukaweka wa tatu asiyejua hiki wala kile, na siku akianguka, wawili wazima wanakuwa hawana faida. Katika hesabu, kiungo kisichoongeza chochote tunakifuta. Kwa nini nas asisikilize draiva mwenyewe?

FUNDI: Mwalimu, zamani ndivyo ilivyokuwa. Ruta zilizoanza kuzagaa duniani mwanzoni mwa miaka ya 2000, kama Linksys WRT54G ya mwisho wa mwaka 2002 iliyokuwa na chipu ya Broadcom, zilikuwa na redio moja na jina moja la waifai. Anayetaka habari za draiva alikuwa mmoja, akasikiliza mwenyewe. Kisha zikaja ruta zenye redio mbili, na kila redio ina majina kadhaa: hili la ofisi, hili la wageni. Ukaja na utaratibu wa WPS mwaka 2007, kile kitufe cha kuunganisha bila kuandika nywila, na wenyewe una programu yake inayotaka matukio yaleyale. Ikaja nyingine ya kusukuma simu kutoka redio iliyojaa kwenda iliyo wazi. Kila moja ingefungua masikio yake kwenye kila redio, ingepokea kila kitu na kutupa tisa katika kila kumi. Na kumbuka hii ni mashine yenye kumbukumbu ndogo. Kwa hiyo akawekwa mmoja. Eapd anafungua soketi zote peke yake. Fremu yenye alama 0x886C anajua ni tukio la draiva. Yenye alama 0x888E anajua ni mazungumzo ya uthibitishaji. Anampa kila mmoja alichoomba, kupitia anwani ya ndani, 127.0.0.1, basi. Hafungui barua.

BINTI: Kuna sababu nyingine ambayo fundi ameiruka. Kwa nini kazi ya nas isiwekwe ndani ya draiva yenyewe, tumalize? Kwa sababu draiva inakaa ndani ya kerneli, kiini cha mfumo. Kosa likitokea huko, mashine nzima inaanguka. Kosa likitokea kwa nas, ameanguka nas peke yake. Kuwatenganisha ni usalama. Na ukishawatenganisha, lazima pawe na mtu wa kupita kati yao. Mwalimu anaweza kumfuta huyu tarishi kwenye karatasi, lakini kazi yake itarudi kwa jina lingine.

MWALIMU: Itarudi vipi? OpenWrt, mfumo huria wa ruta uliojengwa juu ya Linux, haina eapd. Nimeisoma. Ina hostapd, na hostapd anasikiliza mwenyewe.

Hapa Mwalimu amegusa pazuri, na inafaa tukae kidogo. Hostapd ni kazi iliyoanzishwa na Jouni Malinen wa Finland, na leo imo katika ruta na simu zisizo na idadi. Ndugu yake, wpa_supplicant, ndiye aliye upande wa simu. Katika Linux ya sasa draiva hazimtafuti msikilizaji mmoja mmoja. Kuna njia rasmi ndani ya kerneli, nl80211, inayopita juu ya mfumo unaoitwa netlink. Draiva yoyote, ya kampuni yoyote, ikipata tukio hulikabidhi kwenye njia hiyo, na programu yoyote inayotaka hujiandikisha na kusikia. Kwa hiyo ni kweli kwamba tarishi wa kuajiriwa hayupo. Na ni kweli pia kama asemavyo Binti: kazi haikufutwa, imechukuliwa na kerneli na kugeuzwa huduma ya umma. Tofauti iliyopo ni ya umiliki. Nl80211 iko wazi, imeandikwa, inajadiliwa hadharani, na makosa yake hurekebishwa kwa wote kwa pamoja. Eapd ni mtumishi wa nyumba moja, na katika ruta nyingi hufika akiwa ameshafungwa, msimbo wake hausomeki.

Nikiri kwamba mimi nimeegemea upande mmoja tangu mwanzo. Naona tarishi asiyeamua ni mpango mzuri. Kinachonisumbua ni mahali anapoishi.

MAMA WAKALA: Mnaongea vizuri, lakini mimi nauliza la mtaani. Huyo tarishi anajuaje kwamba habari aliyopewa imetoka kwa draiva kweli? Kwangu hapa kila siku mtu anakuja na simu, ananionyesha ujumbe: umepokea kiasi fulani, salio lako ni kadhaa. Umeandikwa vilevile kama wa kampuni, hadi nukta. Ukitazama jina la mtumaji, ni namba ya mtu. Watu wamelia. Sasa hewani kote kuna simu za watu zinarusha mambo. Mmoja akirusha kitu kilichovaa nguo za draiva je?

BINTI: Mama, umesema lililowahi kutokea. Nilipolisoma darasani nilishangaa kwamba lilichukua muda wote ule kuonekana. Katika mpango wa Broadcom, matukio ya chipu hayaji kwa njia yao peke yao. Yanavalishwa umbo la fremu ya kawaida ya mtandao, na kutambulishwa kwa ile alama, 0x886C. Na data ya watu kutoka hewani nayo inakuja kwa umbo la fremu. Zinapita mlango mmoja. Kwa hiyo ni lazima draiva ikague: fremu iliyotoka hewani ikijifanya tukio, itupwe. Aprili mwaka 2019 mtafiti Hugues Anguelkov, akiwa kampuni ya usalama ya Quarkslab huko Ufaransa, alieleza kwamba katika draiva ya Linux iitwayo brcmfmac ukaguzi huo ulikuwa unarukwa pale chipu ilipounganishwa kwa USB. Kosa lilipewa namba, CVE-2019-9503. Maana yake mtu aliye nje, asiye na nywila, angeweza kutuma fremu ikapokewa kama taarifa ya chipu yenyewe.

MAMA WAKALA: Ndiyo nilichosema.

BINTI: Ndicho ulichosema.

KATIBU: Na tarishi wangu angeibeba?

FUNDI: Brcmfmac si draiva ya ruta yako, mzee; ni ya vifaa vingine, kompyuta ndogo na simu. Lakini swali lako ni la haki. Tarishi hubeba anachopewa. Akikabidhiwa uongo uliopita ukaguzi wa mlangoni, ataufikisha kwa uaminifu uleule. Hata kasoro iliyofichuliwa mwaka 2017 na Mathy Vanhoef wa chuo kikuu cha KU Leuven cha Ubelgiji, ilikuwa hivyo. Aligundua kwamba ujumbe wa tatu kati ya zile nne ukirudiwa, simu inasimika upya ufunguo ambao tayari inautumia. Simu za Android 6 zilifanya vibaya zaidi, zilisimika ufunguo wa sifuri tupu. Hakuna tarishi aliyekosea hapo. Ujumbe ulifika kila mahali ulipotakiwa kufika.

MWALIMU: Huo ndio utetezi wa kila tarishi tangu dunia iumbwe. Mimi nilibeba tu. Lakini huyu wa kwetu ana jambo moja zaidi: ndani ya ruta hizi za bei nafuu, karibu kila programu inaendeshwa na mamlaka yote, hakuna aliyewekewa mipaka. Na huyu anasoma fremu za wageni kabla hawajathibitishwa. Yaani mtu wa kwanza kuguswa na kila mpita njia ndiye mwenye funguo za vyumba vyote. Kama ni mbebaji tu, kwa nini apewe mamlaka hayo? Mvulieni. Abaki na ruhusa ya kusoma soketi zake na kuandika kwa nas, basi.

FUNDI: Hapo Mwalimu sikubishii. Linux ina uwezo huo. Watengenezaji hawajisumbui.

Kwa maoni yangu hili ndilo jibu zuri kuliko yote yaliyotolewa, na limetoka kwa aliyekuwa anataka tarishi afutwe. Programu isiyoamua ni rahisi kuibana, kwa sababu mahitaji yake yanahesabika. Inayoamua mambo mengi huwezi kuibana bila kuivunja.

Mjadala ungeweza kuishia hapo, ila Katibu alikuwa na jambo lake jingine.

KATIBU: Sasa nisikilizeni. Mmesema huyu eapd anajua kila simu ilipofika na kila ilipotoka. Saa, dakika. Je, siwezi kupata orodha hiyo? Nina vijana wa ofisi wanaandika kwenye daftari wamefika saa mbili, mimi najua wamefika saa nne. Simu zao hujiunga zenyewe na waifai wakikanyaga kizingiti. Ushahidi ninao ukutani, nimeulipia.

MWALIMU: Nami ningeitaka hiyo. Shuleni wanafunzi wanaficha simu kwenye magodoro.

BINTI: Mwalimu, leo asubuhi ulikuwa unataka tarishi avuliwe mamlaka. Sasa hivi unataka umpe daftari.

MWALIMU: Ni kweli. Endelea.

BINTI: Kubeba habari na kuweka habari ni kazi mbili. Tukio likishafika kwa nas, limemaliza kazi yake. Ukiliandika na kulihifadhi, umetengeneza kitu kipya: historia ya mtu, alikuwa wapi na lini. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ina Tume yake. Ukikusanya taarifa za mtu, uwe na kusudi lililo wazi, na mwenyewe ajue. Watu walipewa nywila ili wapate intaneti. Hakuna aliyeambiwa kwamba anasaini daftari la mahudhurio.

KATIBU: Lakini serikali yenyewe ilishataka hivyo, waitu. Si kulikuwa na kanuni za maudhui ya mtandaoni, mwaka 2018, zikasema mwenye mkahawa wa intaneti awaandikishe wateja kwa kitambulisho, aweke na kamera, na kumbukumbu azitunze miezi kumi na miwili?

BINTI: Zilisema hivyo, kwa mikahawa ya intaneti. Na zilisema wazi, mtu akaingia akijua anaandikishwa. Ofisi ya kahawa si mkahawa.

MAMA WAKALA: Na kibanda changu? Maana wateja wangu wakisubiri muamala simu zao zinashika waifai hiyohiyo, nywila niliwapa mimi. Kwa hiyo Katibu akichapisha orodha yake atajua nani kaja kwangu, saa ngapi, mara ngapi. Mkulima aliyeuza kahawa yake ikiwa bado maua, akaja kupokea fedha ya butura kimyakimya, jina lake litakuwa kwenye karatasi ya chama. Mimi sitaki kuwa chanzo cha hayo.

Palikuwa na kimya cha aina yake baada ya maneno hayo, na asiye wa mkoa huu wa Kagera huenda asielewe kwa nini. Butura ni kuuza kahawa kabla haijaiva, kwa bei ya mwenye shida, na ni biashara iliyopigwa vita kwa miaka mingi bila kwisha. Ruta haijui butura ni nini. Lakini orodha ya nani alikuwa karibu na kibanda gani, katika mwezi ambao kahawa inachanua, ikiwekwa mikononi mwa katibu wa chama, inatosha kuzua kesi kijijini. Hili ndilo ninalolihofia zaidi kuliko fremu za uongo: matukio ya draiva ni madogo sana hata mtu haoni ubaya wa kuyatunza.

FUNDI: Kabla hamjagombana, orodha yenyewe ni dhaifu. Kinachoandikwa si jina la mtu, ni anwani ya kifaa, MAC. Tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, simu hutoa anwani ya kubuni badala ya ile ya kiwandani.

KATIBU: Kwa hiyo haitambuliki.

FUNDI: Hapana, nisikudanganye. Kwa kawaida anwani hiyo ya kubuni hubaki ileile kwa waifai ileile. Hapa ofisini simu ya karani wako itakuwa na jina moja la bandia mwezi mzima. Ukimwona leo akiingia, kesho unamjua. Udhaifu upo kwingine: simu hulala, hukata waifai kulinda betri, tukio la kuondoka linaandikwa na mtu hajanyanyuka kitini. Na kijana mjanja ataacha simu kwenye droo. Simu iko kazini, mwenyewe yuko kwenye rubisi.

KATIBU: Hilo la droo wanaweza kabisa.

BINTI: Kama shida yako ni kujua nani ni nani kwenye mtandao wako, kuna njia ya haki. Kila mtu awe na utambulisho wake, na ajue kuwa anautumia. Chuoni tunatumia eduroam. Ni mpango ulioanzia Uholanzi mwanzoni mwa miaka ya 2000, leo uko dunia nzima; Uganda unaendeshwa na RENU, Kenya na KENET. Mimi wa Kampala nikienda chuo cha Nairobi, simu inajiunga yenyewe. Chuo cha Nairobi hakina nywila yangu. Kinachofanyika ni kupeleka ombi langu kwa mtandao wa nchi, huko linapelekwa juu, linashuka hadi chuo changu, nacho kinajibu: huyu ni wetu, mruhusuni. Matarishi kila hatua. Na wote wanabeba bahasha iliyofungwa, kwa sababu nywila imo ndani ya njia iliyosimbwa kati ya simu yangu na chuo changu peke yake.

MWALIMU: Hao sasa ni matarishi ninaowakubali.

FUNDI: Na kwenye ruta yenye mpango huo eapd anapata kazi kubwa zaidi, maana kila kipande cha mazungumzo ya uthibitishaji kinapita kwake kwenda kwa nas, na nas anapeleka kwa seva ya uhakiki ya RADIUS, mlango namba 1812. Lakini niseme ukweli wa Kiruruma. Seva hiyo inataka kuwaka muda wote. Programu yenyewe, FreeRADIUS, ni ya bure na inakaa kwenye kompyuta ndogo isiyozidi kiganja. Umeme ndio wa kuuliza. Ukikatika, ruta ikarudi na seva haijarudi, hakuna anayeingia, hata mwenye jina sahihi. Na jambo la pili: simu huuliza, unaiamini seva hii? Watu wanabonyeza ndiyo bila kusoma. Mtu akija na ruta yake yenye jina lilelile, simu ambayo haikuwekwa vizuri itamkabidhi siri yake. Vyuoni wana watu wa kuwawekea wanafunzi mipangilio. Hapa atakayewawekea wakulima ni nani?

KATIBU: Na hiyo seva ikae wapi? Chini ya mizani?

FUNDI: Ipo njia ya katikati, na ndiyo ningeishauri kama mngeniuliza tangu saa ile. Hostapd anaweza kusoma faili lenye nywila nyingi kwa jina moja la waifai. Karani na yake, mhasibu na yake, Mama na yake, wageni na yao. Hakuna seva. Mtu akiondoka kazini unafuta mstari mmoja, wengine hawaguswi. Leo mkikosana na Mama hapa, mnabadilisha nywila ya kijiji kizima.

MAMA WAKALA: Hatutakosana.

FUNDI: Tatizo ni kwamba ruta hii ya sasa haina hostapd, ina nas na eapd vilivyofungwa kiwandani. Na kuibadilisha kuwa OpenWrt haiwezekani kwa maana, kwa sababu draiva ya Broadcom ya ruta za namna hii haikutolewa wazi. Redio yake itazimika au itachechemea. Itabidi ruta nyingine, yenye chipu ambayo draiva yake iko wazi. MediaTek, kwa mfano, au Atheros za Qualcomm.

MWALIMU: Kwa hiyo mwisho wa yote tarishi amefukuzwa, kama nilivyosema.

BINTI: Amehamishiwa kwenye kerneli, Mwalimu. Matukio ni yaleyale, draiva itayatoa, na hostapd atayasikia. Ila sasa ukitaka kujua anabeba nini, utakaa na kompyuta yako utazame yakipita, moja baada ya jingine. Wa kwanza hukuweza kumtazama.

MWALIMU: Nitawaonyesha kidato cha tatu.

KATIBU: Subirini kidogo. Na kwenye hiyo mpya, orodha ya saa za kuingia itapatikana?

FUNDI: Itapatikana kirahisi kuliko kwenye hii, mzee. Hostapd huandika kila kitu ukimwachia. Mimi nitamweka asihifadhi. Mkitaka ihifadhiwe, bodi ikae, iandike kwa nini na kwa siku ngapi, na mbandike karatasi mlangoni ili watu wasome.

KATIBU: Karatasi mlangoni, vijana si wataacha simu nyumbani?

BINTI: Huenda. Daftari la mahudhurio lipo, babu. Lisimamie.

KATIBU: Ruta yenyewe bei gani?

FUNDI: Nitaleta bei mbili, ya ile mnayoitaka na ya ile mtakayoiweza.

MAMA WAKALA: Na nywila yangu mimi, iandikwe kwenye hilo faili kabla ya msimu ujao. Wakulima wenu wakishalipwa, fedha hawatolei ofisini kwenu. Wanatolea kwangu.

KATIBU: Hilo nitalipeleka kwa bodi.

MAMA WAKALA: Lipeleke kama lilivyo.